Nyota tatu kwa programu ya namba, ingepata tano kama isingeitetea 4294967297

Naanza na nyota kabisa ili asiye na muda apite zake. Tatu. Ilikuwa inaelekea tano mpaka Alhamisi moja jioni iliyonitia hasara ya soda na aibu juu, na hiyo Alhamisi ndo nimekuja kuisimulia hapa.

Jina la programu silitaji, sababu inaonekana kabisa aliyeitengeneza ni mtu mmoja anahangaika mwenyewe na sitaki nimwagie mchanga kitumbua chake. Ni zile programu za simu ambazo unaandika namba nzima yoyote, inakwambia sifa zake: shufwa au witiri, tasa (yaani haigawanyiki ila kwa 1 na kwa yenyewe) au sio tasa, jumla ya tarakimu, inaandikwaje kwa 0 na 1 tupu, na vibandiko vingine kibao ambavyo nitavirudia huko chini maana vimenichekesha. Ukurasa wa vigawo umefungwa, unaulipia.

Mimi nafundisha tuisheni ya hesabu jioni, kidato cha pili mpaka cha nne, chumba kimoja nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi huku Mbagala. Niliipakua kwa sababu moja tu, nilichoka kutunga maswali ya vigawo ya 36 na 48 kila mwaka, nikataka namba kubwa kubwa za kuwatoa jasho vijana.

Na kwa hilo, jamani, iko vizuri. Haili bando, ukishaipakua inafanya kazi bila intaneti kabisa. Ni nyepesi, simu yangu ya zamani haijalalamika. Niliijaribu na 33550336, ikajibu papo hapo kwamba ukijumlisha vigawo vyake vyote ukiacha yenyewe unaipata yenyewe, kama ilivyo kwa 6 na 28, na ni kweli, hiyo ni ya tano kwenye ukoo huo. Nikaipa 720720, ikasema ina vigawo 240 na inagawanyika kwa kila namba kuanzia 1 mpaka 16 bila kubakisha kitu. Hii namba mi naiita ndoto ya mgawa ubwabwa, waje wageni 7, 11 au 13 kila sahani inatoka sawa.

Nikaipa na 2147483647. Ikasema tasa, na hapo pia iko sahihi, Euler, yule mwanahisabati Mswisi, alishaithibitisha mwaka 1772 bila kikokotoo wala nini. Hii ndo namba ambayo saa za kompyuta nyingi za zamani zitagota, zinahesabu sekunde tangu mwanzo wa 1970 na hazina nafasi ya kupita hapo, kwa saa zetu itakuwa Jumanne tarehe 19 Januari 2038, saa 12 na dakika 14 na sekunde 7 asubuhi, wengine mtakuwa mnapiga mswaki. Basi nikashawishika. Nikajisemea hii kitu nimepata mwalimu msaidizi.

Sasa Alhamisi.

Umeme ulikuwa umekatika, tunatumia tochi za simu, na vijana wakikaa gizani unawajua, kelele. Nikatafuta kitu cha kuwatuliza. Nikachukua 2, nikaipa kipeo cha 32, nikaongeza 1, nikapata 4294967297. Nikaiandika programuni ikaleta neno TASA la kijani kibichi. Haikuchukua hata sekunde. Nikaiandika ubaoni nikawaambia, hii namba haigawanyiki, nimeshaihakiki, atakayenipatia kigawo chake chini ya 1000 namnunulia soda. Nilikuwa na uhakika wa mtu aliyeshika jibu mkononi.

Kuna namba tasa 168 chini ya 1000, na orodha yake wanayo nyuma ya madaftari. Watu watatu wakagawana: mmoja akachukua mwanzo mpaka 300, mwingine 300 mpaka 600, binti mmoja wa kidato cha tatu akachukua zilizobaki. Mi nikakaa kwenye kiti najipepea. Hazikupita dakika ishirini.

"Ticha, 641 inaingia."

Nikamwambia mdogo wangu rudia, umeruka tarakimu. Akasema nimerudia mara mbili ticha, njoo uone. Nikaenda na tochi yangu. Daftari lake lilikuwa hivi: 641 kwenye 4294 inaingia mara 6, baki 448. Shusha 9, inakuwa 4489, inaingia mara 7, baki 2. Shusha 6, haiingii, weka 0. Shusha 7, inakuwa 267, haiingii, weka 0. Shusha 2, inakuwa 2672, mara 4, baki 108. Shusha 9, inakuwa 1089, mara 1, baki 448. Ile 448 tena. Shusha 7 ya mwisho, inakuwa 4487, na 4487 ni 641 mara 7 kamili. Baki sifuri. Jibu 6700417.

Nilisimama pale nikaangalia ile sifuri, nikaangalia na simu, neno TASA bado linang'aa kijani. Darasa zima kimya, halafu mmoja nyuma akasema "soda" taratibu, basi ikawa kelele kuliko zile za mwanzo. Nikatoa hela. Binti akasisitiza iwe ya baridi.

Nyumbani sikulala mapema, nikaanza kuchimba, na hapa ndo nikagundua kumbe kosa lenyewe ni la zamani sana na lina wenyewe wakubwa. Pierre de Fermat, mwanahisabati Mfaransa, kwenye 1640 huko alikuwa anazipenda namba za aina hii: chukua 2, ipe kipeo ambacho chenyewe ni 1, 2, 4, 8, 16 na kuendelea, kisha ongeza 1. Unapata 3, 5, 17, 257, 65537. Zote tano ni tasa. Akaamini zitakazofuata zote zitakuwa tasa pia. Inayofuata ndo hii ya kwangu, 4294967297. Miaka ikapita, 1729 mwanahisabati mwenzake Goldbach akamuuliza Euler kwa barua, hivi hili jambo la Fermat unalionaje, na mwaka 1732 Euler akaja na 641. Yaani miaka 92 tasa ya watu imekaa inaitwa tasa. Na mpaka leo ninavyoandika hapa hajapatikana mtoto mwingine tasa kwenye ukoo huo zaidi ya wale watano wa mwanzo, zote zilizopatiwa majibu baada ya hapo zimekutwa na vigawo.

Kitu kilichoniuma ni kwamba Euler hakuhangaika na namba 168 kama vijana wangu. Alionyesha kwamba kigawo tasa chochote cha namba hii lazima kikigawanywa kwa 64 kibakize 1. Kwa hiyo unaanza 65, 129, 193, 257, unaongeza 64 kila mara. Ukitupa zile ambazo zenyewe sio tasa unabaki na 193, 257, 449, 577, 641. Ya tano tu! Dakika tano za daftari. Na ile 6700417 nayo ni hivo hivo, ni 64 mara 104694 jumlisha 1, hesabu mwenyewe.

Kuna na njia nyingine tamu zaidi ambayo Jumamosi niliwaandikia ubaoni. 641 ni 5 mara 128 jumlisha 1. Pia 641 ni 625 jumlisha 16, yaani 5 kipeo cha 4 jumlisha 2 kipeo cha 4. Sasa kaa nami. Kwa kuwa 5 mara 128 ni pungufu ya 641 kwa moja tu, kwenye hesabu za mabaki (unaangalia tu kinachobaki ukigawanya kwa 641) inasimama kama hasi 1. Ipe kipeo cha 4, hasi inakufa, inakuwa 1. Lakini hiyo ni 5 kipeo cha 4 mara 2 kipeo cha 28. Na 5 kipeo cha 4 tumeshaona inasimama kama hasi ya 2 kipeo cha 4. Badilisha, unapata hasi ya 2 kipeo cha 32 inabakiza 1, kwa hiyo 2 kipeo cha 32 ukiongeza 1 haibakizi kitu. Kwisha. Hakuna hata kugawanya kwa mkono. Kijana mmoja akaniambia ticha hii ni kama mazingaombwe, nikamwambia rudia mpaka uone kamba zilipo.

Haya turudi kwenye bidhaa. Ijumaa nikaamua kulipia ule ukurasa wa vigawo, buku saba. Nikaandika 4294967297. Ukurasa wa kulipia ukanijibu bila aibu: 641 × 6700417. Nikarudi ukurasa wa mbele wa bure: TASA. Nikaenda tena wa kulipia: 641 × 6700417. Wakuu, programu moja, simu moja, namba moja, midomo miwili. Maana yake nimelipa buku saba kuambiwa na ukurasa wa pili kwamba ukurasa wa kwanza ni muongo, jambo ambalo binti wa kidato cha tatu alishaniambia kwa bei ya soda.

Kaka mmoja tunayefundisha naye akasema labda ni lile tatizo la nafasi, programu inahesabu kwa tarakimu 32 za 0 na 1 na hii namba inahitaji 33, kwa hiyo inamwagika na inabaki inaiona kama 1. Wazo zuri, ila haliwezi kuwa hilo. 1 sio tasa, ingekuwa inaona 1 isingeandika TASA. Na jumla ya tarakimu ilikuwa inaitoa sahihi, 59.

Ninavyoona mimi inatumia kipimo cha haraka, na cha kushangaza kipimo chenyewe msingi wake ni wa Fermat huyo huyo. Unachukua 2, unaipa kipeo cha namba yako ukitoa moja, unagawanya kwa namba yako, baki ikiwa 1 unasema tasa. Tasa zote zaidi ya 2 zinapita hapo, tatizo ni kwamba na baadhi ya wasio tasa wanapita. Na namba yetu lazima ipite, haina ujanja, sababu imetengenezwa na 2 yenyewe: 2 kipeo cha 32 kwake ni hasi 1, 2 kipeo cha 64 ni 1, na kipeo unachopima nacho kinagawanyika kwa 64, basi ni 1 tu. Ni sawa na kumuuliza mama kama mwanawe ni mwizi. Ungemuuliza 3, yaani ufanye kipimo hicho hicho kwa 3 badala ya 2, angekwambia ukweli, nimepiga kwa mkono baki za 641 peke yake: 3 kipeo cha 128 inabakiza 357, na kama namba ingekuwa safi ilitakiwa kuwa 1 au tuseme ifike 1 ukiendelea kuizidisha yenyewe kwa yenyewe, haifiki ng'o.

Ili nisimsingizie mtu nikatafuta watoto wengine wa 2, yaani namba zisizo tasa ambazo kipimo cha 2 kinazipitisha, nikawapeleka kwenye programu. 341 ambayo ni 11 mara 31 ikakamatwa, 2047 ambayo ni 23 mara 89 ikakamatwa pia, kwa hiyo inaonekana kuna kaukaguzi ka vigawo vidogo kabla. Nikaleta 2 kipeo cha 37 toa 1, yaani 137438953471. TASA, kijani. Wakati ni 223 mara 616318177. Nikaleta 1373653, ambayo ni 829 mara 1657. TASA. Hapo nikafunga jalada. Mtengenezaji nimemwandikia ujumbe nikamweleza aongeze kumuuliza 3, na 5, na wengine, na atumie toleo lililoboreshwa la kipimo hicho, simu za siku hizi haziwezi kushindwa. Wiki ya pili hii kimya.

Vibandiko sasa. Chini ya neno TASA programu inaibandika namba majina ya kila aina, mengine ni ya utani. 4294967297 imepewa "ovu". Nikashtuka, nikadhani imejishitaki yenyewe. Kumbe ukiiandika kwa 0 na 1 inakuwa 1, sifuri 31, halafu 1, na namba yoyote ambayo idadi ya 1 zake ni shufwa inaitwa ovu, ni mchezo wa maneno wa Kiingereza, huko neno la shufwa na neno la uovu yanafanana mwanzo. Kisha ikabandikwa "haina furaha". Hii nayo ina kanuni: chukua kila tarakimu uizidishe kwa yenyewe, jumlisha, rudia. Inatoka 417, 66, 72, 53, 34, 25, 29, 85, 89, halafu inazunguka kuanzia hapo na kurudi 89 milele bila kufika 1. Ingefika 1 ingekuwa na furaha. Kwa hiyo ni namba ovu isiyo na furaha na bado mnaiita tasa, ama kweli.

Wanafunzi lakini wanavipenda hivyo vibandiko kuliko kitu chochote, wamebandika namba za viatu vyao zote, na mimi kwa kweli sijaona kitu kingine kilichowafanya wazidishe tarakimu kwa hiari yao.

Kibandiko kimoja kilikuwa cha maana sana na ndo kimeokoa nyota ya tatu. Kinasema namba hii ni jumla ya vipeo vya pili viwili, kwa njia mbili. Ya kwanza unaiona kwa macho: 65536 mara yenyewe, jumlisha 1. Ya pili ni 62264 mara yenyewe jumlisha 20449 mara yenyewe. Nilipiga: 3876805696 jumlisha 418161601. Inatoka. Na tasa haiwezi kuandikwa hivyo kwa njia mbili tofauti, inakuwa na njia moja au haina kabisa. Kwa hiyo hata bila kulipia, ukurasa wa bure wenyewe juu umeandika TASA na chini umeweka ushahidi kwamba sio tasa! Mtengenezaji wangu ndugu yangu, ungesoma tu ukurasa wako mwenyewe.

Kitufe cha majirani nacho nakipenda. Unabonyeza unaona namba ya kabla na ya baada. Nyuma hatua moja kuna 4294967296, ndo idadi ya anwani zote za intaneti za mfumo ule wa zamani wa namba nne zenye nukta. Nyuma hatua mbili kuna 4294967295, na ukurasa wa kulipia unaifungua: 3 × 5 × 17 × 257 × 65537. Wale watoto watano wa Fermat wamekaa mkeka mmoja! Programu haikusema hilo ina maana gani, wamekosa kusimulia kitu kizuri hapo. Gauss, mwanahisabati Mjerumani, mwaka 1796 akiwa na miaka 18 alionyesha umbo la pande 17 zilizo sawa linachorwa kwa bikari na rula isiyo na vipimo, na kutokana na kazi hiyo umbo la pande witiri linalojulikana kuchorwa hivyo lenye pande nyingi kuliko yote lina pande 4294967295. Bikari za kwenye mkebe zile zile wanazochomana nazo darasani.

Mengine haraka haraka. Matangazo ya ukurasa wa bure ni ya kubeti matupu, kwa programu wanayoshika watoto wa shule sio sawa, ukilipia yanaondoka, sawa lakini tisini wa mia hawalipii. Ukiweka mkato kati ya tarakimu inakataa, ukinakili namba kutoka kwenye ujumbe inabidi uisafishe. Ukiipa namba ya tarakimu arobaini na kitu uitafutie vigawo inaganda mpaka uifunge kwa nguvu, hilo simlaumu sana, kupata vigawo vya namba kubwa ni kazi kwa kila mtu.

Kwa hiyo nani aichukue? Mwalimu wa tuisheni, ndio, kwa bure, ila neno TASA usiliwekee dau. Buku saba lipia kama unataka vigawo, upande huo sijaukamata na kosa hata moja na nimeujaribu kwa namba kama sitini hivi. Mtu wa kazi za siri na usalama wa mitandao wanaohitaji tasa za kweli, pita mbali kabisa.

Nyongeza: jana usiku imeleta toleo jipya. Nimefurahi, nikaifungua kabla hata ya kula, nikaandika 4294967297. Bado TASA. Ila herufi sasa zimekuwa kubwa zaidi na ukibonyeza zinacheza cheza.